Bodil na Ngazi Iliyoelea

Mtu aliyeishi juu ya ngazi maisha yake yote, halafu akaikosa ngazi siku ile moja anayoihitaji, ana haki ya kununa. Bodil Krag alinuna vuli nzima, akanuna Krismasi, na theluji ilipoyeyuka hapa kisiwani kwetu Strynø, nchini Denmark, bado uso wake ulikuwa umekunjamana, hata mbwa wa jirani alikuwa akivuka barabara akimwona.

Bodil alikuwa fundi wa kuezeka nyumba kwa matete. Ufundi aliurithi kwa baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na wala hakuona sababu ya kumlilia Mungu kwa hilo. Bodil alipopanda paa la kwanza, kisiwa kizima kilikaa kikingoja aanguke. Hakuanguka. Baada ya miaka kadhaa watu wakaacha kumtazama, na kwetu sisi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Ukishuka kivukoni ukatembea mpaka kanisani, karibu kila paa utakalolipita limeezekwa kwa mkono wake. Kilichomshusha chini ni nyonga ya kushoto. Ilikwisha kabisa, akawekewa ya chuma, na daktari akamwambia mapaa basi. Bodil alimshukuru daktari, akapanda kivuko, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye mashua yake bila hata kupita nyumbani.

Mashua hiyo inaitwa Svale, yaani mbayuwayu. Ni ndogo, ya tanga, ya mbao zilizopandana ubavuni kama vigae, na ina umri unaokaribia wa mwenyewe. Bodil aliisafiria peke yake tangu ujana. Si kwamba alichukia watu. Ila ukitumia maisha yako juu ya paa huku chini pana mtu amesimama, mikono mfukoni, anakuambia upande wa kulia umepinda, utapenda mahali ambapo hakuna aliye chini yako. Kila kiangazi alikwenda kutia nanga nyuma ya kisiwa kidogo kisicho na watu, akala mkate wake mweusi na samaki wa heringi wa siki, akasikiliza ndege, akarudi nyumbani akiwa mtu mwema kwa wiki nzima.

Mwezi wa tisa alikuwa huko huko, amesimama ukingoni ananyoosha kamba iliyojisokota, nyonga ya chuma ikamsaliti, akatumbukia. Maji hayakuwa na mawimbi. Ukingo wa Svale uko chini, mtu akisimama mle ndani anaweza kuchovya mkono baharini. Lakini jaribu kujivuta kutoka majini ukiwa na sweta la sufu, viatu vya mpira vilivyojaa, na mikono iliyoanza kufa ganzi. Bodil alijaribu, akajaribu tena, kisha akabaki ananing'inia kwenye kamba. Alifahamu jambo moja kwa uwazi wa kutisha, kwamba mkate wake uko pale juu ya benchi, anauona, na huenda asiule.

Bahati yake, Holger Bang naye alikuwa ametia nanga karibu ale chakula cha mchana. Holger alikuwa nahodha wa kivuko kabla hajastaafu, na mashua yake ni ya kisasa, nyeupe, ina kuta ndefu, jiko, choo na jokofu.

"Holger! We Holger!"

"Bodil? Unaogelea na sweta?"

"Nimeanguka, mjinga wewe! Njoo!"

Holger alikuja na kidau chake na upondo wenye ndoano, akamnasa Bodil kwenye mkanda wa suruali, akavuta. Bodil alipanda. Suruali ilipanda nusu ya safari, kisha ikabadili nia.

Sasa, kwetu mtu akifikwa na aibu hatumsengenyi. Tunamtungia wimbo. Unachapwa, kila mtu anapewa nakala, na mwenye aibu lazima auimbe pamoja na wenzake, kwa sauti, huku anatabasamu. Akikasirika ameshindwa. Kwenye karamu ya Krismasi ya chama chetu cha mashua, baada ya nguruwe wa kuoka na kabla ya uji wa mchele, karatasi zikagawiwa, na ukumbi mzima ukapiga meza:

*Vuta, Holger, vuta, samaki amekubali!*
*Vuta, Holger, vuta, usiiachie suruali!*

Beti zilikuwa nyingi. Bodil aliziimba zote na meno yake yote nje. Holger aliziimba amesimama.

Mtu mmoja asiye na kazi akaurekodi wimbo, ukamfikia Malene. Malene ni binti yake Bodil, muuguzi huko Odense, na mama yake alikuwa hajamweleza lolote kuhusu mwezi wa tisa. Alikuja na kivuko cha kwanza alichopata, akaingia jikoni na koti lake mwilini.

"Mama, ungekufa."

"Sikufa."

"Hukufa kwa sababu Holger alikuwa na njaa mahali pazuri! Siku Holger akibaki nyumbani na kiungulia chake, nani atakuvuta?"

Swali lilikuwa la haki, na hicho ndicho kilichomuudhi Bodil.

"Iuze, Mama. Kuna bwana mmoja wa mjini Svendborg anaipenda, ameshaniuliza mara mbili. Au basi safiri na mtu."

"Na nani? Na Holger? Niongeleshwe habari za jokofu mpaka Ujerumani?"

"Mimi silali. Unanielewa? Kila upepo ukivuma Odense, mimi silali."

Hapo Bodil akamtazama binti yake vizuri, akaona kwamba hasira yote ile ilikuwa woga uliovaa koti. Akasogeza kikombe pembeni.

"Nitaweka ngazi," akasema. "Siku ya kupandisha bendera, chama kinapofungua msimu, mbele yako, nitaruka majini na nguo zangu zote. Nikipanda mwenyewe, hatuzungumzi tena habari ya kuuza. Nikishindwa, mpigie huyo bwana wako wa Svendborg, na mimi nitampa na rangi ya akiba."

"Bila mtu kukusaidia?"

"Wewe utakuwa ndani ya mashua, umekalia mikono yako."

Malene alifikiri, kisha akatoa mkono, wakapeana. Ndiyo namna yao, mama na mtoto, hawakumbatiani kabla ya kufanya biashara.

Ngazi za mashua zinauzwa, za chuma cha pua, zinang'aa. Bodil alizitazama dukani, akasema hizo ni ngazi za watu wanaooga, akarudi karakanani kwake. Kulikuwa na ngazi ya zamani ya baba yake, ya mbao iliyokauka vizuri. Akaikata, akaipiga randa, akaifunga vidato vipya kwa ustadi uleule wa siku zote. Ngazi ya mwezekaji ni nyepesi, mtu aihamishe kwa mkono mmoja, na hulala bapa juu ya matete isije ikayaumiza. Basi na hii ikawa nyepesi, na ikalala bapa. Ungeinyanyua kwa kidole kimoja. Bodil aliinyanyua kwa kidole kimoja mara nyingi, akijisikia raha.

Ngazi haikuweza kukaa tezini, nyuma kabisa ya mashua, maana usukani wa Svale unaning'inia pale pale. Ikabidi ikae ubavuni, karibu na nyuma, kwenye vishikio viwili vya chuma. Na vishikio vinahitaji bolti, na bolti zinahitaji matundu. Mashua zilikuwa bado zimepandishwa nchi kavu kwa majira ya baridi. Bodil alikuwa amepiga magoti na drili yake, bado hajaiwasha, jasho linamtoka, kwa sababu kutoboa mbao iliyokutunza miaka yote hiyo si jambo la mchezo, Holger akatokea na kikombe cha kahawa.

"Samahani, Bodil. Unaona kwamba unatoboa mashua?"

"Naona."

"Mimi nilikuwa nahodha. Tulifundishwa kwamba matundu si mazuri."

"Na kukosa ngazi je, mlifundishwa ni kuzuri? Yako iko wapi?"

"Nilikuwa nayo, nikaitoa. Inaharibu umbo la mashua. Tena mimi sianguki."

"Shika spana hiyo, ingia ndani, uishike nati. Au niondokee kwenye mwanga."

Holger aliweka kikombe, akaingia. Bodil akatoboa. Akaweka kipande cha mbao nene upande wa ndani ili mzigo usibebwe na ubao mmoja, akapaka gundi, akakaza. Ngazi ikakaa. Akaipanda, akashuka, akaipanda tena, pale pale nchi kavu, na Holger mwenyewe akakiri kwamba ni kazi safi. Bodil akalala usingizi mnono.

Svale iliposhushwa majini iliachwa kwanza inywe, maana mashua ya mbao iliyokaa nje huvuja mpaka mbao zivimbe. Ilipokwisha kunywa, Bodil alichagua asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa wanakula mikate yao, akavaa sweta na viatu vya mpira na jaketi la kuelea, akaruka pale bandarini kando ya gati.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba ngazi iko juu. Alikuwa ameifunga kwa fundo la mwezekaji, zuri sana, linalofunguliwa na mtu aliye juu. Akapapasa kwa vidole vya baridi mpaka fundo likamwonea huruma. Ngazi ikashuka, ikayagusa maji, ikaelea.

Ilielea. Ililala juu ya maji ikiwa imejinyoosha, nyepesi, safi, inacheza na viwimbi kama bata. Bodil akaikanyaga kwa nguvu ili izame, nayo ikazama, ikaingia chini ya tumbo la mashua na miguu yake ikaifuata, mpaka akawa amening'inia kinyumenyume, uso unatazama mawingu. Vidole vya miguu vilitafuta kidato, vikakuta ubao. Ngazi imelala bapa. Nafasi ya kidole hakuna. Na hapo hofu ya mwezi wa tisa ikamrudia nzima nzima, ingawa gati lilikuwa pale pale.

Alitoka kwa ngazi ya gati, ile yenye kutu ambayo wote tunaitumia. Akatembea nyumbani, kila hatua inatoa sauti ya kwachu, kwachu. Kabla hajafika mlangoni, wapo waliokwisha kuanza kutafuta vina vya ubeti mpya.

Alikaa karakanani, hakubadili hata soksi. Alijitukana. Kisha akaitukana ngazi. Kisha akamtukana marehemu baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na ni kama vile mzee alingojea hilo tu ili aitikie. Bodil alimkumbuka pale kwenye ukingo wa paa, ambapo matete hujitokeza nje ya ukuta na chini yake pana uwazi. Ngazi ikiegemezwa pale huteleza kuingia ndani, chini ya ukingo, na fundi huenda nayo. Mzee alikuwa anafunga magogo mawili mafupi nyuma ya ngazi, yanayoisukuma itoke, isimame mbali na ukuta.

Bodil akainuka, soksi zinachuruzika, akaenda kuitazama Svale pale gatini, akiinamisha kichwa huku na huku.

"Ah," akasema kwa sauti. "Kumbe wewe ni paa. Ila umepinduliwa."

Yeye alikuwa ametengeneza ngazi ya katikati ya paa, kumbe tangu mwanzo alikuwa anafanya kazi ukingoni. Kuanzia hapo mikono ilijua njia. Akafunga vipande viwili vya mbao nyuma ya ngazi, vikavishwa mpira visiuchubue ubavu, ili miguu ipate nafasi na ngazi isiingie chini ya tumbo. Akairefusha ishuke zaidi majini, maana mtu huhitaji kidato cha kuanzia pale goti lilipo, si pale kifua kilipo. Chini kabisa akaivisha risasi, ile metali nzito ya bamba tunayozungushia mabomba ya moshi mvua isipite. Alikuwa nayo mabaki tele. Ngazi sasa ilihitaji mikono miwili kuinyanyua, na alipoitupa majini ilikwenda chini bila kuuliza. Mwisho akabadilisha fundo. Kamba moja nyembamba, ina kirungu cha mbao mwishoni, inaning'inia karibu na uso wa maji. Ukiivuta, ngazi nzima inakuangukia.

Hakuijaribu tena bandarini. Watu wakasema kaogopa, na ni kweli aliogopa. Alisema tu kwamba paa halijaribiwi, linangoja mvua.

Siku ya kupandisha bendera tulikusanyika gatini na mikate ya siagi na jibini, na vikombe vidogo vya ile pombe chungu ya mizizi ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayeikataa. Bendera ikapanda mlingotini, tukashangilia kwa hura tatu fupi na moja ndefu, kisha kama desturi tukang'oa nanga wote tukaenda nyuma ya kile kisiwa kidogo, tukafunga mashua ubavu kwa ubavu tunywe kahawa. Svale ilikuwa ya mwisho pembeni, imefungwa kwenye ile nyeupe ya Holger, na ubavu wenye ngazi ulitazama bahari wazi. Upepo ulikuwa wa kaskazini. Maji yalikuwa na rangi ya bati.

Malene alikuwa ndani ya Svale. Uso ulikuwa mweupe.

"Mama, maji ni baridi sana. Tungoje mwezi wa sita."

"Bahari itangoja mwezi wa sita ndipo inidondoshe? Kalia mikono."

Malene akakalia mikono yake. Bodil akasimama ukingoni, akatazama safu nzima ya mashua na vikombe na nyuso, akaona karatasi zimekunjwa mifukoni mwa watu. Walikuwa wameuleta wimbo, mashetani wale. Akaruka.

Baridi ilimnyang'anya pumzi. Kwa muda hakuwa na mikono wala jina. Alipoibuka alisikia mtu akianza polepole, "Vuta, Holger, vuta..." na wengine wakidakia, na Holger akiinuka na upondo wake kwa mbwembwe.

"Holger, kaa chini!" Bodil alibweka kutoka majini. "Huyu samaki anajipandisha mwenyewe!"

Akanyoosha mkono. Kirungu kilikuwa pale alipokiweka. Akavuta, ngazi ikaanguka, risasi ikaizamisha bila ubishi. Akatafuta kidato kwa mguu, mguu wa kulia, ule usio na chuma. Akakipata, na mguu ukaingia mpaka katikati ya wayo. Akajiinua. Maji yalimwagika kutoka kwenye sweta, viatu vikamvuta chini kwa uzito wote wa mwezi wa tisa, nyonga ikapiga kelele. Akasimama hapo, nusu ndani nusu nje, na wimbo ukakatika wenyewe. Malene alikuwa ameanza kuinuka.

"Kaa!"

Malene akakaa, machozi yanamtiririka, mikono chini ya mapaja. Bodil akapandisha mguu wa kushoto. Kidato kingine. Akashika ukingo wa Svale, akainama, akaupitisha mguu, na kwa mara ya kwanza tangu daktari alipomkataza mapaa alikuwa amepanda ngazi mpaka juu, akasimama wima ndani ya mashua yake, anachuruzika kama paa la mwezi wa kumi na moja. Suruali ilikuwa mahali pake.

Kelele zilizopigwa ziliwaamsha bata wa kisiwa kizima. Malene alimkumbatia mama yake na maji yake yote, na sijui nani alilowa zaidi. Kisha akatoa simu kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa kukaliwa, akampigia bwana wa Svendborg. "Haiuzwi," akamwambia. "Hapana. Wala mwakani."

Bodil alikuwa amejifunga blanketi na anakamua nywele. Akainua macho kwenye ule ukuta mrefu mweupe wa jirani.

"Na wewe, Holger? Siku ukianguka wewe, nani atavuta?"

"Mimi sianguki, nimeshakwambia."

"Basi ruka, utuonyeshe nahodha anavyorudi kwake."

Kicheko kikapita mashua kwa mashua. Na kwetu, mbele ya chama kizima, siku ya bendera, mwanamume hawezi kusema hapana. Holger alivua saa yake, akavaa jaketi la kuelea, akaruka kwa kishindo. Mcheka kilema hafi bila kumfika. Alipapasa ubavu wa mashua yake, laini kama sahani. Akaruka kama samaki, akakosa ukingo. Akaogelea mpaka tezini, akarudi, ametoa macho, na sasa hakuna aliyekuwa anacheka sana, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameanza kuupima ubavu wa mashua yake kwa jicho.

"Njoo huku, Holger," Bodil akamwita, kwa upole. "Mlango uko wazi."

Holger akazunguka, akakamata kidato, akaanza kupanda, na suruali yake, iliyokuwa ya kamba kiunoni, ikaanza kushuka. Hakuna aliyetoa amri. Safu nzima iliimba:

*Panda, Holger, panda, na wewe umekubali!*
*Panda, Holger, panda, usiiachie suruali!*

Alitua ndani ya Svale, amejishikilia kiuno kwa mkono mmoja, bluu kwa baridi, akiimba naye kwa sauti, maana ndiyo sheria. Ubeti ulipokwisha akasema, meno yakigongana, "Bodil. Nitengenezee moja."

"Na umbo la mashua?"

"Umbo lipotelee mbali."

"Nitakutengenezea. Leta spana yako mwenyewe."

Akampa blanketi lake. Halafu akavaa sweta kavu, akatazama tanga, akatazama upepo, akaanza kufungua kamba zilizoifunga Svale kwa jirani yake.

"Haya, shukeni," akawaambia.

"Tushuke wapi?" Malene akauliza.

"Kwa Holger. Ana jokofu. Mimi nasafiri peke yangu."

Malene alimtazama mama yake, akatazama ngazi, kisha akapanda kwenye ile mashua nyeupe na kugeuka kumvuta Holger. Bodil akapandisha tanga. Tulimpigia hura tatu fupi na moja ndefu, naye hakugeuka. Alikuwa anakula mkate wake.